Wasifu wa baba yangu, mpiganaji wa Kagera: nisome nini siku ya arobaini?

BintiWaMngoni

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi.

Baba yetu ametutoka mwezi uliopita. Tulimzika nyumbani, nje kidogo ya Songea, na Jumamosi ya wiki ijayo ni misa ya arobaini na kuanua matanga. Ukoo umeniagiza mimi, mtoto wa kwanza, niandike wasifu mwingine. Nasema mwingine kwa sababu ule wa siku ya mazishi umenikaa rohoni mpaka leo. Ulisomwa hivi: amezaliwa 1951, amejiunga na jeshi 1972, ameshiriki Vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda 1978 hadi 1979, amestaafu 1999 akiwa Ofisa Mteule Daraja la Pili, ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa. Basi. Askari wakapiga tarumbeta, bendera ikakunjwa, mama akakabidhiwa. Yote yaliyosomwa ni kweli tupu, lakini nilisimama pale kando ya jeneza nikawa nasubiri wamtaje baba, na sikumsikia.

Baba ninayemjua mimi ni huyu. Mama alikuwa anauza dagaa na maharage, alfajiri yuko njiani kwenda sokoni. Kwa hiyo siku za Krismasi na Pasaka aliyetusuka sisi wasichana watatu ni baba. Alikuwa anakaa kwenye kigoda, unakaa chini katikati ya magoti yake, chanuo la mti mdomoni, anasuka twende kilioni. Mistari ilikuwa imenyooka mpaka majirani wakawa wanaleta watoto wao. Hakuwahi kuvuta nywele. Ukisema "aaah" anasimama, anakupulizia pale panapouma, anaanza tena.

Miaka ile ya dhiki, baada ya vita, tulipoambiwa tufunge mkanda miezi kumi na minane na mkanda ukafungwa miaka, nilikuwa naenda naye kupanga foleni ya sukari na sabuni duka la RTC, lile duka la serikali la mkoa. Nilikuwa na miaka mitano hivi. Nakumbuka kabla hatujatoka anavua gwanda, anavaa shati lake la drafti lenye kola iliyogeuzwa. Kwa muda mrefu nilidhani hapendi sare ichafuke. Siku moja rafiki yake akamwambia, "Afande, ungekuja na sare wangekupisha mbele." Baba akamjibu, "Ndiyo maana sikuja nayo." Tulikaa kwenye ile foleni tangu saa moja asubuhi hadi saa nane, zamu yetu ilipofika sukari ikawa imekwisha, tukarudi na unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano, na kipande cha sabuni. Njiani akanibeba mabegani akaniimbia nyimbo za gwaride.

Vita hakuvizungumza. Tukiuliza, alisema, "Tulikwenda, tukarudi." Ila kuna mambo mawili sikuwahi kuyaelewa, nayo ndiyo yamenileta hapa.

La kwanza. Baba alikuwa na namna yake ya kuchimba viazi vitamu. Hakuwahi kupiga jembe kutoka juu. Alikuwa anapiga goti moja, anachukua kisu kirefu, anakiingiza kwenye tuta kwa ubavu, polepole, kikigusa kitu anasimama, anaondoa udongo kwa vidole kuzunguka kiazi mpaka kionekane chote, ndipo anakitoa. Nasi alitufundisha hivyo hivyo. Alisema, "Ardhi inaulizwa kwa ubavu, haiulizwi kwa juu." Sisi tuliona ni kuogopa kukata viazi. Lakini alifanya hivyo hata kuchimba shimo la mgomba, hata kaburi la mbwa wetu. Na tukipita njia ya shambani alitangulia yeye, sisi nyuma mmoja mmoja, na aliyetoka nje ya mstari alichapwa. Ni kosa pekee alilotuchapia.

La pili. Kwenye sanduku lake la bati nimekuta medali mbili, picha ya harusi, na barua moja aliyomwandikia mama Februari 1979. Anwani imeandikwa MEDANI tu. Inaanza kama barua zote za zamani: "Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali na upeo wa macho yangu." Anasalimia wazee mmoja mmoja kwa cheo. Halafu chini kabisa, kabla ya sahihi, kaandika: "Yule ng'ombe mwekundu asinisubiri mimi. Kaka anajua hela zilipo. Asubiri mvua zipungue, asinisubiri mimi."

Wakuu, nyumbani kwetu hatukuwahi kuwa na ng'ombe. Hata mmoja. Kuku, mbuzi wawili, mwisho.

Je, yalikuwa maneno ya siri ya jeshi? Na hao wenye wazazi waliopigana Kagera, wasifu wenu mliuandikaje ili askari asimfunike baba? Mama nimeogopa kumuuliza, bado hali yake ni ya kulia tu.

---

Mzee wa Nzega

Marahaba mwanangu. Pole sana wewe na mama, Bwana alitoa na Bwana ametwaa.

Mimi nilikuwa mgambo, Nzega, nikachukuliwa Novemba 1978. Nakujibu kwa yale niliyoyaona kwa macho yangu.

Sehemu ya kuchimba viazi nimeisoma mara tatu, nikalazimika kuweka simu chini. Mwanangu, baba yako nadhani alikuwa mhandisi wa medani. Siwezi kuapa kwa sababu sikumfahamu, lakini hicho unachokieleza ni kutafuta bomu la kutegwa ardhini kwa singe, kile kisu cha bunduki. Bomu linakaa likiangalia juu. Ukichoma udongo wima unaligonga kichwani. Unapiga goti au unalala kifudifudi, unaingiza singe kwa mshazari, ukigusa kitu kigumu unaacha, unafukua kwa vidole ubavuni. Halafu unasogea kidogo, unaanza tena. Sisi tulikuwa nyuma tunasubiri na mizigo, tunawalaani kimoyomoyo kwamba wanachelewa. Tulikuwa vijana, hatukujua wanachotufanyia. Na huko kupita mmoja mmoja, kukanyaga alipokanyaga mwenzio, ndiko kulikotufikisha salama.

Ili ujue alipita wapi: Amin aliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, akalivunja daraja la Kyaka mwanzoni mwa Novemba. Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa tarehe 2 Novemba, yale maneno kila mtu anayajua, sababu tunayo, nia tunayo, uwezo tunao. Sisi tulivuka Kagera kwa daraja la muda la vyuma. Januari 1979 Mutukula, pale mpakani, ikachukuliwa, Februari 24 Masaka. Kwa hiyo barua ya Februari, baba yako alikuwa tayari ndani ya Uganda, kati ya mpaka na Masaka, na mvua zilikuwa nasi. Kutoka mpakani mpaka Kampala ni zaidi ya kilometa mia mbili na wengi wetu tulizitembea kwa miguu.

Mimi nilikuwa Brigedi ya 201, wengi wetu mgambo. Machi 10 pale Lukaya, kwenye barabara inayopita katikati ya kinamasi, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitufungulia makombora. Mengi yalipita juu yetu, lakini ule mlio hatukuwahi kuusikia, tukatawanyika. Nalisema wazi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Usiku ule tukakusanywa, na alfajiri Brigedi ya 208 ikawazunguka kwa nyuma, nasi tukarudi mbele. Kampala ilianguka Aprili 11. Ukisikia mzee anasema "tulikwenda, tukarudi", ujue ndani yake kuna mambo ya namna hiyo.

Kuhusu ng'ombe. Tulikatazwa kuandika tulipo, idadi yetu na tunakokwenda, na barua tulijua zinasomwa kabla hazijaondoka. Kwa hiyo watu waliandika kwa mafumbo. Lakini maneno ya jeshi hayaandikwi kwa mke nyumbani. Fumbo hilo ni la mke na mume. Muulize mama taratibu. Mjane haumizwi kwa kuulizwa habari za mumewe, anaumizwa pale kila mtu anapokwepa kumtaja.

---

kilonzo_tz

Poleni. Ushauri wangu ni tofauti kidogo. Wasifu dakika tano, taja alipozaliwa, elimu, kazi, watoto, ugonjwa, shukrani kwa waliomuuguza. Mambo ya kusuka nywele na foleni ya sukari yabaki ndani ya familia. Watu wamekaa juani, wana njaa, padri ana misa nyingine.

---

Mwalimu mstaafu, Mafinga

Binti pole. Naomba nitofautiane na ndugu hapo juu, ingawa la muda amesema kweli, usizidi dakika kumi.

Marehemu baba yangu naye alikuwa askari. Nilimwandikia wasifu mwaka 2011 na nilikosea vibaya, ndiyo maana nakuandikia. Nilikusanya vikosi vyote, kozi zote, tarehe zote. Karatasi nne. Nilipomaliza kusoma, shangazi yangu, dada yake wa tumbo moja, akaniuliza mbele ya watu, "Sasa huyu uliyemsoma ni nani?" Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kwa dhati kabisa, maana yeye alimjua kaka aliyekuwa anamchukulia mzigo wa kuni kichwani bila kuona haya, mwanaume mzima.

Kwa hiyo tarehe ziweke, lakini ziwe fupi. Zipe sentensi tatu. Hakikisha tu ziko sawa, kuna wazee watakaokaa pale wanazijua. Ukitaka kujua kikosi chake hasa, watafute wastaafu wenzake kupitia MUWAWATA, chama cha wanajeshi wastaafu, mkoani kwenu, humo kuna watu bado wana kumbukumbu kali. Halafu chagua jambo moja tu la baba, ulieleze mpaka aliye nyuma kabisa alione. Mimi ningechagua shati la drafti.

Na kabla ya Jumamosi msomee mama peke yake, kwa sauti. Atakurekebisha.

---

Omukazi wa Kyaka

Dada yangu pole sana. Nimekaa kimya siku mbili nikiusoma uzi huu, leo nimeona niandike.

Mimi nilikuwa na miaka saba mwaka ule. Kwetu ni Missenyi, ng'ambo ya mto ukitokea Bukoba. Tulikimbia usiku, mama ana mtoto mgongoni na sufuria kichwani, baba anavuta ng'ombe watatu. Ng'ombe walichukuliwa njiani na askari wa Amin. Daraja lilipovunjwa sisi tulikuwa tumeshavuka, shangazi yangu hakuvuka, na hatukumwona tena.

Tuliporudi nyumba ilikuwa haina mlango, haina dirisha, bati zimeng'olewa. Migomba ilikuwepo, imeota majani mpaka juu. Baba alitaka aingie shambani siku ile ile. Askari wetu wakamzuia. Walikuwepo vijana watatu, mmoja alikuwa anazungumza Kiswahili cha kusini, kile cha kuvuta, akamwambia baba, "Mzee, tupe siku mbili." Wakaliingia shamba kwa magoti. Mimi na kaka yangu tulikaa barabarani tukiwaangalia, tukawa tunacheka, tunasema wajeshi wanatambaa kama watoto. Walipomaliza walifunga vitambaa vyeupe kwenye migomba ya pembeni, wakatuambia ndani ya vitambaa pikeni, limeni, chezeni. Nje ya vitambaa, bado.

Vitambaa vile vilikaa mpaka vikaoza. Mama hakukubali vitolewe.

Sisemi yule kijana wa kusini alikuwa baba yako. Walikuwa wengi. Ila ukifika pale kwenye wasifu ukataja Kagera, naomba usiseme tu "alishiriki vita". Waambie watu wa Songea kwamba kuna watoto huku walikula ndizi za shamba lao kwa sababu mtu alipiga magoti kwanza. Na siku ukijaaliwa, njoo. Kaboya, wilayani Muleba, ndiko walikolala wenzake, watu hufika Julai 25, Siku ya Mashujaa, lakini hata siku nyingine panafikika. Nitakupokea mimi.

---

BintiWaMngoni

Nimeshindwa kujibu haraka, mnisamehe. Mzee wa Nzega, nimemsomea mdogo wangu maneno yako, naye akatoka nje akaenda kukaa kwenye matuta ya viazi. Mama wa Kyaka, sina neno. Nitakuja. Mwalimu, nimefanya ulivyoniambia, nimemsomea mama.

Nilianza kwa kusoma barua. Nilidhani atalia. Nilipofika kwenye ng'ombe mwekundu akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. Akasema, "Hiyo ulikuwa hujui? Huyo ng'ombe ni wewe."

Nimwache mama aeleze kama alivyonieleza. Baba alipomwoa alikuwa amelipa mahari, lakini alibakiza ng'ombe mmoja. Babu, mzaa mama, hakumdai, alisema kijana ni askari, atalipa taratibu. Kisha vita vikaja, baba akaondoka mama akiwa na mimba ya miezi minne. Kwa mila za nyumbani, mahari isipokamilika na baba akafa, mtoto anaweza kuhesabiwa wa upande wa mama, anachukua jina la huko, anakulia huko. Babu asingefanya hivyo, mama ana hakika, lakini wajomba wangesema nini haijulikani. Baba akiwa kule kwenye matope, anaulizana na ardhi kwa singe, kumbe hilo ndilo lililokuwa linamkosesha usingizi: nikizaliwa naye hayupo, niwe wake.

Na asingeweza kuliandika wazi. Mama alikuwa hajui kusoma wakati ule, barua zote zilisomwa na katekista mbele ya watu, maana kila aliyekuwa na mtoto vitani alikuja kusikiliza. Huwezi kumwandikia mkeo "kama nitakufa" ikasomwa na katekista mbele ya mama yako mzazi. Mvua alimaanisha njia ya kutoka kwa muuza ng'ombe, mto ulikuwa umejaa. Kaka alimaanisha baba mkubwa, aliyekuwa amewekewa hela.

Baba mkubwa alikwenda. Ng'ombe mwekundu hakupatikana. Aliyepatikana alikuwa mweupe mwenye madoa meusi, mwembamba, pembe moja imevunjika. Nilizaliwa Machi 1979, wiki moja baada ya ng'ombe kufika. Mama alimwambia katekista aandike jibu: ng'ombe mwekundu amefika, na ana ndama jike.

Baba alirudi 1980, nimeshaanza kutembea. Mama anasema nilipomwona nilipiga kelele nikajificha nyuma ya kinu, na kwa siku nne hakunigusa, alikuwa anakaa tu kwenye kigoda mlangoni, anachonga kitu. Siku ya tano nikamfuata mwenyewe. Alichokuwa anachonga ni lile chanuo la mti. Ninalo hapa nikiandika, limekatika meno mawili.

Jambo jingine ambalo sikulijua: mwaka ule ule baba alimwandikisha mama kisomo cha watu wazima. Alimwambia, "Barua zangu nyingine usome wewe." Baada ya hapo alikwenda kozi na vituo vingi, na alimwandikia. Mama anazo kwenye mto wake wa kulalia. Hajanionyesha na sitaomba.

Ndugu kilonzo, nimekusikia kuhusu muda, wasifu utakuwa dakika nane. Tarehe zimekaa kwenye sentensi tatu. Sitasoma foleni wala shati, ingawa inaniuma, nimechagua viazi na ng'ombe. Wastaafu wenzake wawili wamenipigia jana, mmoja amethibitisha: wahandisi wa medani. Amesema atakuja na atavaa medali zake.

Jana jioni nimemuuliza mama swali la mwisho. Babu alipoletewa yule ng'ombe mwenye madoa, badala ya mwekundu waliyepatana, alisemaje? Mama akaniambia alitoka nje, akamzunguka ng'ombe mara moja, akamshika ile pembe iliyovunjika, akawageukia wajomba waliokuwa wamekaa wanangoja kauli yake. Akasema, "Mimi namwona mwekundu. Mfungeni."